Mwakesi na Wana, Wauza Chuma wa Voi

Jumatatu, 14 Oktoba 1957

Donald ametia uji ndani ya kiatu cha baba yake sasa hivi. Kijiko baada ya kijiko, kwa utaratibu, halafu akakiegemeza kiatu ukutani kama mtu anayefunga duka lake. Kiatu chenyewe ni cha kanisani. Baba yake yuko Mtito Andei na genge la reli hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo uji utapata nafasi ya kukauka. Nimecheka peke yangu. Kisha mtoto akakohoa, kicheko kikaniishia.

Kikohozi hiki kinatoka juu. Nyasi za paa letu zimeoza upande wa kitanda. Masika yaliyopita maji yaliingia mle kama yamealikwa. Na sasa vuli iko njiani, mawingu yamekaa juu ya Sagalla tangu juzi yakitutazama. Nimelisogeza godoro mara nyingi. Nyumba imekwisha pembe.

Jirani yangu Elsie ana mabati. Mume wake Musyimi ni gadi wa treni. Kila mvua inyeshapo Elsie hutoka mlangoni na kunipigia kelele kwamba hasikii chochote, mabati yanavuma mno. Sijapata kumwuliza kitu.

Basi nimeazimia. Kabla ya mvua ya kwanza, mtoto wangu atalala chini ya mabati. Hudson, mume wangu, sitamsumbua. Mama mkwe sitamsumbua. Nitatumia akili yangu. Darasa la nne nilimaliza mimi, na mwalimu alisema ningeweza kuendelea.

Jumanne, 15 Oktoba

Ni hivi. Katika duka la vyuma la Bwana Devshi, huko bazaar, ukipeleka vyuma kuukuu unapewa mabati yaliyobonyea njiani. Yamebonyea tu, hayajatoboka. Jambo hili nililisikia kisimani, nami tangu mwezi uliopita kila nikienda kuni upande wa Ndara narudi na kuni chache na chuma kingi. Donald mgongoni, ndovu siku moja kule mbele, mimi na ekseli ya mkokoteni kichwani. Sasa nyuma ya jiko kuna rundo. Majembe yaliyolika. Kitanda nusu. Tumbo la cherehani. Gurudumu la kitu ambacho hakuna anayekijua. Mama mkwe, Mama Lois, hajauliza. Nadhani anafikiri ni huzuni ya kukaa mbali na mume.

Vya reli sikuchukua. Parafujo moja tu, nikairudisha mchana kweupe, nikaiweka kando ya njia ya treni na kuipigapiga kama mtoto aliyelala.

Leo nikapeleka mfano kwenye kikapu. Bwana Devshi hakukigusa hata. Akasema kwa upole kwamba vyuma vya serikali vimekuwa vikiibwa, polisi wanauliza maswali, naye sasa hununua kwa kampuni zinazojulikana tu, zenye asili. Si kwa kina mama wenye vikapu. Nikasema nimeelewa. Sikuelewa.

Karani wake, Nzioka, akanionea huruma. Au alikuwa hana kazi. Akanionyesha ukutani picha ya mzee mwenye shada la maua shingoni, na chini yake karatasi ndefu nyuma ya kioo. Hiyo ndiyo historia ya kampuni, akasema, akanisomea yote. Babu wa Bwana Devshi alifika Mombasa na mkokoteni mmoja na njaa. Alilala juu ya misumari aliyokuwa akiiuza. Mke wake alipima chuma huku mtoto akinyonya. Hapo nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Nzioka akasema historia ndiyo inayowafanya watu waamini. Mtu akishasoma pale, haulizi tena chuma kimetoka wapi.

Nimerudi nyumbani na kikapu kizito na moyo mwepesi. Kumbe ninachokosa si chuma. Ninakosa babu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Babu nimempata. Wangu mwenyewe nilimfikiria kwanza, lakini yuko hai kule Mwatate na angeuliza. Nimemchukua babu yake Hudson, Mzee Mwakesi, baba wa marehemu baba mkwe. Alikufa Hudson akiwa bado anachunga mbuzi. Mtu mpole, wanasema. Hawezi kukasirika.

Nimeandika asubuhi yote, Donald akinivuta kalamu. Naandika hapa mwanzo wake kwa sababu naupenda:

"Kampuni hii ilianzishwa mwaka wa 1921 na Mzee Mwakesi, ambaye hakuwa na kitu ila jembe moja. Alitembea kutoka Sagalla hadi Taveta kwa miguu akinunua chuma na kuuza chuma, wala hakumdanganya mtu. Alipokuwa anakufa aliwaita wanawe akawaambia, chuma kishikeni, msikiache."

Mahali pa kufa nimeparudia mara mbili. Nililia tena. Nimeanza kumpenda huyu mzee.

Kibao je? Kampuni haina kibao? Nikakunjua debe la mafuta ya taa, nikaenda kumwomba Elsie rangi iliyobaki alipopaka mlango wake. Akauliza ya nini. Nikamwambia nataka kuwatia kuku alama. Akatazama kuku wetu. Ni watatu, na mmoja hana mkia. Akasema kweli, lazima wanachanganyikiwa sana. Akanipa, rangi ya buluu.

Nimeandika: MWAKESI NA WANA. WAUZA CHUMA. TANGU 1921. Hiyo "na Wana" nimeiiga kwa Devshi, kampuni zote nzuri zinayo. Nimekitundika juu ya mlango. Mama Lois alipotoka shamba akakitazama muda mrefu. Yeye kusoma hakujifunza, Biblia anaijua kwa masikio. Akaniuliza kinasemaje.

Nikamwambia kinasema karibu.

Alifurahi sana. Akachukua ufagio akafagia chini yake, ili karibu iwe karibu ya kweli. Nimekwenda jikoni nikakaa na moshi. Uso ulikuwa moto kabla moto haujawaka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefaulu!

Nzioka alisoma historia yangu kwa sauti ya kanisani. Bwana Devshi akaweka kalamu chini. Walipofika pale pa jembe moja akasema babu yake naye alikuwa hivyo hivyo, watu wa zamani walikuwa na mioyo. Akasema nilete chuma wiki ijayo, anipe mabati manane. Manane! Kitanda kinataka matatu tu.

Nzioka akaibandika historia ukutani, chini ya ile yao. Leo ni siku ya soko, duka limejaa watu wa Marungu, wa Mbololo, hata wa kule Taveta, na kila aliyeingia Nzioka alimsomea. Watu wakasikitika pale pa kufa. Mzee mmoja akavua kofia. Nikasimama pembeni na mtoto mgongoni nikijifanya nachagua bawaba. Nilijisikia kama mama wa bwana harusi.

Ni furaha hii ndiyo inayonitia haya sasa jioni. Sikufikiri hata mara moja kwamba Marungu ndiko wanakokaa ndugu za marehemu baba mkwe.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya ibada Elsie amesimama mbele ya nyumba yetu akasoma kibao, polepole, kila neno, akimtafuta kuku kwa macho. Halafu akaniuliza huyo Mwakesi ndiye yule aliyekuwa akiazima vitu. Nikasema simjui mwingine. Akasema haya, shemeji, biashara njema. Neno shemeji hutumia akiwa ameshajua kitu.

Nikamwuliza Mama Lois, hivi hivi, kama mtu anayechambua mboga, babu alikuwa mtu wa namna gani. Akasema alikuwa mtu mzuri sana. Hakufanya kazi. Alipenda kukaa juani na kusimulia. Panga lake liliazimwa, jembe lake liliazimwa, na alipokufa watu walikuja matangani wakaondoka kila mtu na chombo chake, nyumba ikabaki na kiti tu. Kiti nacho kikadaiwa mwezi uliofuata.

Mwanzilishi wa kampuni yangu.

Jumatano, 23 Oktoba

Mchana amefika Baba mdogo Obadiah kutoka Marungu. Huyu ni mdogo wake marehemu baba mkwe, mkubwa wa ukoo sasa. Fimbo, kofia, na mfuko wa nguo. Mfuko ndio ulionistua. Mtu wa kusalimia tu haji na shati la pili.

Mama Lois alifikiri amekuja kumwona mjukuu, akachinja kuku, yule asiye na mkia. Obadiah alimpakata Donald, akamsifu mashavu, akala, akamshukuru Mungu. Kisha akazunguka nyuma ya jiko. Akalizunguka rundo kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akagonga ekseli kwa fimbo. Akasikiliza mlio wake.

Aliporudi alisimama chini ya kibao. Alisoma shule ya misheni, huyu. Akasema kwamba alikuwa kwa Devshi siku ya soko kununua msumari mmoja wa mlango, akasomewa habari za baba yake mzazi, habari ambazo yeye, mtoto wa damu, hakuwahi kuzisikia. Alilia dukani. Akasema hata msumari alisahau.

Halafu akanitazama, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Akaninyooshea fimbo pale palipoandikwa "na Wana".

"Mama Donald," akasema, "mimi ni mwana."

Nikasema ndiyo, Baba.

Akasema ameshawatumia habari wengine.

Sijui niandike nini. Nilichukua jina la maiti kama mtu anayechukua ukuni porini, nikadhani halina mwenyewe. Na huku kwetu mzee akiacha kitu, hata kiti, hata kisicho chake, kila mtu anakuja. Nililijua hilo. Nililijua tangu nikiwa mdogo kuliko Donald!

Ijumaa, 25 Oktoba

Wamefika, wale wengine wa ukoo. Wawili kutoka Sagalla, mmoja na mkewe. Wa Mbololo. Binamu Silvanus amekuja na treni ya Taveta kutoka Mahoo, na ndizi mkungu mzima, na kikaratasi alichoandika hoja zake. Wamelala sebuleni, jikoni, na mmoja kwa Elsie, ambaye alijitolea kwa moyo mkunjufu ili asipitwe na kitu.

Kuku wamekwisha. Unga umekwisha. Ninapika ndizi za Silvanus naye anazihesabia kampuni kama mchango wake.

Donald tu ndiye mwenye furaha. Hajawahi kuona mapaja mengi namna hii. Anatoka paja hili anakwenda lile, na kila mzee anamwambia wewe ndiye Mwakesi sasa. Anakohoa, wanasema pole Mwakesi. Mawingu yameteremka. Kila nikisikia upepo napandisha macho pale juu ya kitanda.

Nilitaka kukiondoa kibao kabla usiku haujaingia. Nikamkuta Mama Lois anakifuta vumbi kwa kanga yake. Wageni wengi wamekuja tangu kiwekwe, akasema, kibao kina baraka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kikao.

Walikaa nyuma ya jiko, rundo katikati. Obadiah akafungua kwa sala. Halafu Silvanus akatoa kikaratasi chake. Akasema historia ya kampuni, iliyo ukutani kwa Devshi ambapo kila mtu anaweza kuisikia, inasema mzee alianza na jembe moja. Je, jembe hilo lilikuwa la nani? Akageuza kikaratasi. Lilikuwa la nyanya yake Silvanus. Liliazimwa. Halikurudi. Basi mtaji wote wa kampuni ni wa upande wa Mahoo.

Wa Sagalla wakasema jembe hilo ni hadithi, lakini panga ni kweli, na panga lilikuwa lao. Wa Mbololo wakasema mzee hakwenda Taveta kwa miguu bali kwa punda, na punda walimjua mwenyewe. Jembe ambalo mimi nililitunga Alhamisi, mtoto akinivuta kalamu, sasa lilikuwa na mpini. Lilikuwa na alama ya moto kwenye mpini! Mmoja akasema alishawahi kulilimia.

Hapo nikaona nitasema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Obadiah alikuwa ameinua mkono. Akasema mabishano hayafai, yuko mtu mmoja aliye hai aliyekaa na mzee nyumba moja, akampikia, akamzika. Akamgeukia Mama Lois. Akamwambia wamesoma hivi na hivi ukutani kwa Mhindi. Akamsomea na kibao juu ya mlango, neno kwa neno. Ndivyo Mama mkwe wangu alivyojua kibao hakisemi karibu.

Akamwuliza, wewe ndiye unayejua, mzee alikuwa mtu wa chuma au hakuwa?

Mama aliangalia kibao. Akaniangalia mimi. Kisha akamwangalia Donald, aliyekuwa amekaa juu ya ekseli anaigonga kwa kijiko na kukohoa, kugonga na kukohoa. Mama ni mzee wa kanisa. Ni wa Umoja wa Akina Mama. Siku moja alirudi mpaka sokoni kwa jua kali kwa sababu alipewa nyanya moja zaidi.

"Nilipoolewa," akasema, "nilikuta vyuma."

Basi.

Watu wakapiga makofi. Obadiah akafuta macho. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya chai, nikaimimina yote juu ya miguu yangu na sikusikia moto.

Wakachagua. Mwenyekiti Obadiah. Makamu Silvanus, kwa heshima ya jembe. Wa Sagalla mweka hazina. Mimi nikapewa shukrani kwa kuitunza kampuni wakati wenyewe wakiwa mbali.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo palikuwa na meza ya Bwana. Safu kwa safu watu wakainuka kwenda mbele. Ilipofika zamu yetu Mama Lois hakuinuka. Hajakosa meza tangu niolewe na mwanawe. Nikamnong'oneza, Mama, twende. Akanijibu akitazama mbele.

"Nimesema uongo mbele ya watu. Siendi mezani na mdomo huu."

Nikakaa naye. Watu walitupita magotini. Elsie alipita polepole kuliko wote. Obadiah na Silvanus na wengine wote wakaenda, wakarudi, nyuso zimetakata.

Njiani nikamwambia Mama uongo ni wangu, wake ni deni tu alilonilipia. Akasema uongo hauna kulipiana. Kisha akasema aliusikia mtoto anakohoa, ndiyo maana. Akasema pia kwamba neno lenyewe halikuwa uongo mtupu, kulikuwa na vyuma kweli, ila vya watu. Lakini alilisema ili wasikie vingine, na Mungu huhesabu masikio.

Ningependa anipige. Amenipa upande wa kivuli wa njia.

Jumanne, 29 Oktoba

Gari la ng'ombe limekuja kutoka Marungu. Wamepakia chuma changu chote, ekseli, majembe, tumbo la cherehani, hata kijiko cha Donald nusura kiende. Wakapeleka kwa Devshi. Mimi nikasimama mlangoni nikingoja. Nilijiambia wataacha matatu. Watu wazima, wamemsikia mtoto siku zote hizi.

Alasiri gari likarudi. Mabati manane, yanang'aa. Likapita mbele ya nyumba yetu. Likaendelea kupita. Mwenyekiti amesema ofisi kuu ya kampuni itakuwa Marungu, kwake, na ofisi haiwezi kuwa chini ya nyasi. Musyimi alikuwa yuko nyumbani, yeye na Elsie walitoka kutazama. Elsie alifungua mdomo kunipigia kelele jambo, halafu akanitazama, akaufunga. Hilo liliniuma kuliko kelele.

Mama Lois akaingia njiani. Peke yake, na ufagio. Akasimama mbele ya ng'ombe. Akamwambia Obadiah, shemeji, kampuni ni yenu na mabati ni ya ofisi, sibishi. Lakini hapa juu ya mlango pameandikwa jina la baba yako. Nyumba ya Mwakesi inavujia mtoto wa Mwakesi, na wana wa Mwakesi wako hapa wazima, wamekula kuku zangu. Jua bado lipo na mapanga nimeyaona. Majani yako mtoni.

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mtu hawezi kumpita shemeji yake mkubwa aliyesimama na ufagio mbele ya majirani. Obadiah akakohoa mwenyewe. Wakateremka.

Alhamisi, 31 Oktoba

Tangu jana wanaezeka. Mwenyekiti juu ya paa, suruali imekunjwa. Makamu wake anarusha matita ya nyasi kutoka chini na kulalamika kwamba Mahoo watu huezeka vizuri zaidi. Mweka hazina anafunga kamba. Wameng'oa mabovu yote, si upande wa kitanda tu. Wanaimba. Ninawapelekea chai nikiwa nimeinamisha kichwa, nao wanasema ahsante Mama Donald, Mungu akubariki, wewe umetukutanisha, tangu matanga hatujapata kukaa pamoja hivi.

Hakuna adhabu kubwa kama kubarikiwa hivyo. Nilikwenda nyuma ya jiko, pale rundo lilipokuwa. Pamebaki kutu tu juu ya udongo, umbo la gurudumu. Nikapafagia.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua! Ilianza Donald akiwa anaoga. Nikamkumbatia na sabuni yake, nikakaa kitandani, nikatazama juu nikingoja. Hakuna tone. Ilipiga, ikaongeza, ikazidi. Hakuna. Ndani palikuwa kimya na pakanuka nyasi mbichi. Mtoto alilala kifuani pangu kabla haijakatika, pua wazi, bila kukohoa hata mara moja. Kwa Elsie mabati yalikuwa yanavuma na mtoto wake analia.

Hudson amefika na treni ya jioni, amelowa. Habari alizipata gengeni, kwa mtu aliyezipata Marungu. Alikaa akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kila kitu, na Mama alivyokaa kanisani. Akasema jambo moja tu, kwamba jina la babu yake liko ukutani dukani, na yeye amelisikia kwa mgeni.

Nikajifunika kanga kichwani.

Baadaye akalala chali akitazama paa. Akasema wameezeka vizuri, babu hangeweza. Nadhani alikuwa anacheka, kitanda kilitikisika, lakini sikuthubutu kujifunua.

Jumapili, 3 Novemba

Mama Lois alikwenda kwa padri jana, akasema yote. Mimi nilimsindikiza nikasema yangu. Padri akatuombea, akatuambia tusirudie. Leo amekwenda mezani, nami nyuma yake. Kibao nimekishusha, nacho nimefunika pipa la maji. Dukani nako Nzioka nimemwomba aondoe ile karatasi. Akasema haiwezekani, watu huja kutoka mbali kuisikia, na mwenyekiti ameongeza habari za punda.

Nimeapa, sitaanzisha kampuni tena. Nimemwapia Mama, Hudson na Mungu.

Ila nimekaa nikifikiri. Jiko bado linavuja, hilo hawakuliezeka. Na Mama hushinda mle. Ana miguu inayomwuma wakati wa baridi, haifai asimame matopeni kutupikia. Bwana Devshi anasema misumari iliyopinda huichukua pia, ikinyooshwa vizuri, na misumari iko tele huku, kila kasha linalotupwa stesheni lina yake. Mabati mawili tu jiko linataka.

Na nimetafuta kosa lilikuwa wapi. Chuma hakikuwa na kosa. Historia haikuwa na kosa, ilimliza Mhindi na ikamliza Obadiah. Kosa ni moja. Mwanzilishi alikuwa na ndugu.

Basi huyu mwingine hana. Nimeandika mwanzo tu, kwa kujaribu mkono, Hudson amelala na mtoto:

"Kampuni hii ya misumari ilianzishwa na bwana mmoja aliyetoka mbali sana. Hakuoa. Hakuzaa. Hakuwa na kaka wala dada, na wazazi wake walikufa kabla hajazaliwa. Aliteremka kwenye treni hapa Voi, hakuazima kitu kwa mtu, na baada ya kuuza misumari kwa uaminifu alikufa bila kumwita mtu yeyote."

Nafikiri ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Kinachobaki ni jina. Liwe jina ambalo hakuna mtu analo, kutoka hapa hadi Taveta, awe hai au amekufa. Mama ananiita jikoni, anasema Jedidah, njoo unishikie chungu, maji yanaingia. Nakuja, Mama! Jina nimelipata, linafaa kabisa, huyu bwana tutamwita